Ile mpya inatoka lini? Namna ya kusubiri simu na redio za muziki ukiwa Mbeya

Kila ifikapo Agosti, kwenye meza yangu ya kava na protekta hapa Mwanjelwa, swali ni lile lile: "Kaka, ile mpya inatoka lini?" Anayeuliza mara nyingi hana mpango wa kuinunua hiyo mpya. Anaitaka ya mwaka jana au ya mwaka juzi, na amesikia kwamba mpya ikitoka, ya zamani inashuka bei. Amesikia kweli, ila nusu. Bei haishuki kila mahali siku ile ile, makampuni hayashushi kwa mwendo mmoja, na huku kwetu haishuki kabisa kama mwenye duka ameshajua kwamba viazi vyako vimelipa.

Kwa hiyo tarehe ya kutoka simu mpya ni habari yako hata kama hutaigusa. Ni siku ya soko la ile ya zamani. Hatua zifuatazo ni za mtu anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ambaye hela yake inakuja kwa msimu na haiji kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya 1: Andika simu uliyonayo imekushinda wapi

Chukua karatasi uandike kitu kimoja ambacho simu yako imeshindwa kukifanya mwezi uliopita. Kama ni betri kuisha saa nane mchana, mtafute fundi abadilishe betri. Huna toleo la kusubiri. Kama memori imejaa, futa kwanza video za makundi ya WhatsApp. Nimepoteza wateja kwa ushauri huu na sijutii. Lakini kama programu unazozihitaji zimeanza kukataa kwa sababu Android yako imezeeka, au kamera haitoshi kwa kazi inayokulisha, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Chora kalenda mbili kwenye karatasi moja

Juu weka miezi ya makampuni. Apple hutoa iPhone zake kuu Septemba. Imekuwa hivyo tangu 2012, isipokuwa 2020 ambapo iPhone 12 ilichelewa hadi Oktoba. Mtindo wake hautabiriki kwa bahati, unatabirika kwa mazoea: tangazo wiki ya pili ya Septemba au karibu na hapo, kisha mauzo yanaanza Ijumaa ya wiki inayofuata. Mwaka 2023 walitangaza tarehe 12 wakauza tarehe 22. Mwaka 2024 walitangaza tarehe 9 wakauza tarehe 20.

Samsung ana misimu zaidi ya mmoja. Familia ya Galaxy S hutangazwa Januari au Februari, zile za kukunja Julai au Agosti, na A za kati kama A54 na A55 zilitoka Machi. Google alizoea Oktoba kwa Pixel, halafu 2024 akasogeza hadi Agosti na 2025 akarudia Agosti hiyo hiyo, kwa hiyo futa Oktoba kwenye kalenda yako. Tecno na Infinix, ambazo ndizo zimejaa kwenye mifuko ya watu hapa, hazina siku maalumu, ila Camon 30 na Camon 40 zote zilionyeshwa msimu wa maonyesho makubwa ya simu ya Barcelona, mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, 2024 na 2025. Redmi Note ni ya kuangaliwa kwa jicho la pili: Note 13 ilitoka China Septemba 2023, ila toleo la dunia nzima likaja Januari 2024. Note 14 ikafuata njia ile ile mwaka mmoja baadaye.

Chini ya hiyo, chora kalenda yako mwenyewe. Mpunga wa Usangu, mahindi, maharage: hela inaanza kuonekana Juni na inakolea Agosti, wakati watu wanapanda Uyole kwenda viwanja vya John Mwakangale kwa Nanenane. Mwanafunzi wa pale Iyunga au Mkwawa anasubiri boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, baada ya chuo kufunguliwa. Na wote tunajua Januari ina nini: ada, sare, madaftari, na mbolea ambayo haikutosha.

Sasa tazama mistari miwili inavyopishana. Mkulima anashika hela Julai na Agosti, wiki chache kabla Apple hajatangaza. Hapo iPhone ya mwaka jana bado inauzwa kwa jina la "ya mwisho kutoka". Ndiyo miezi mibaya zaidi ya kuinunua, na ndiyo miezi ambayo wauza simu wa mjini wanajaza makabati, maana wanajua mifuko imejaa. Apple wakishatangaza, bei ya zile walizobakiza inashuka siku hiyo hiyo kwenye maduka yao. iPhone 15 ilikuwa dola 799, iPhone 16 ilipotangazwa Septemba 2024 ikawa 699. Zile za Pro wanaziondoa kabisa kwenye orodha. Wanunuzi wa Marekani na Dubai wanarudisha za zamani ili wapate mpya, na hizo zilizorudishwa ndizo zinazoanza safari ya kuja kwetu. Mzigo huo huonekana vizuri mezani Oktoba na Novemba, si Septemba.

Samsung inafuata mwendo mwingine. Galaxy S inashuka pole pole mwaka mzima, haingoji mwenzake azaliwe. Ikitangazwa mpya Januari, kufika Juni ile iliyotangulia imeshalegea bei. Ndiyo maana nasema hela ya mavuno inaoana na Samsung kuliko iPhone. Ukitaka iPhone kwa hela ya mavuno, itie benki au kwenye akiba ya simu usiyoigusa, uvumilie miezi mitatu. Najua ugumu wake. Harusi zote za ukoo ziko miezi hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Tenganisha uvumi na dalili

Ukifungua YouTube utaona simu ambayo haijazaliwa ikizungushwa kwa muziki mzuri. Hiyo ni picha iliyochorwa kwenye kompyuta. Mchoraji anaweza kuwa amebahatisha, anaweza kuwa ameota.

Dalili ni kitu kingine. Simu haiwezi kuuzwa kabla ya mamlaka za mawasiliano kukagua sehemu yake inayorusha mawimbi. Marekani wanaoidhinisha ni FCC, China ni TENAA, na hapa kwetu TCRA nayo inaidhinisha vifaa. Vibali vya nchi nyingine huwekwa wazi kwa umma wiki au miezi kabla ya uzinduzi, na ndani yake kuna namba ya modeli. Hapo ndipo pa kusoma. Kwa Samsung namba zinazungumza: Galaxy A54 ni SM-A546, A35 ni SM-A356, A15 ya 4G ni SM-A155, na ya 5G ni SM-A156. Umeona? Tarakimu mbili za mwanzo ni jina, ya mwisho ni mtandao: 5 kwa 4G, 6 kwa 5G. Ukikuta SM-A yenye namba usiyoijua imeshapita kwenye kibali, hiyo simu iko njiani, na unajua hata kama ina 5G kabla kampuni haijafungua mdomo.

Dalili nyingine ni watengeneza kava. Mimi nazifuata kwa sababu ndiyo kazi yangu. Maduka ya jumla ya China yakianza kuuza kava ya simu isiyokuwepo, maana yake kuna mtu kiwandani amepata vipimo. Tundu za kamera kwenye kava zinaeleza mengi. Lakini hata hapo usinunue kava bado. Nina boksi zima la kava ambazo hazikupata simu za kuvaa.

Dalili ya mwisho ni mwaliko. Apple akituma mwaliko wa tukio, bado siku chache tu, wiki mbili kwa kawaida.

Na hata tangazo rasmi si bidhaa mkononi. Apple walitangaza Septemba 2017 kifaa bapa cha kuchajia simu, saa na hedifoni kwa pamoja, wakakiita AirPower. Machi 2019 wakakifuta bila kuuza hata kimoja. Basi usimpe mtu hela ya kutangulia kwa simu ambayo haijaanza kuuzwa popote. Mimi niliwahi kuacha laki mbili kwa mfanyabiashara mmoja ili niwe kwenye "mzigo wa kwanza". Mzigo wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja, yangu ikaja mwezi wa nne, rangi siyo na memori ni nusu ya tuliyokubaliana. Kurudishiwa ilikuwa hadithi.

Hatua ya 4: Hesabu safari ya mzigo

Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako. Kifurushi kinachopakiwa kwenye basi kinafika kesho yake, hivyo barabara siyo inayochelewesha. Kinachochelewesha ni mwenye duka aliyenunua kwa bei ya zamani. Bei ikishuka Kariakoo leo, yeye ana simu sita kabatini alizozilipia bei ya juu, na hatakubali hasara mpaka aziuze au achoke. Njia ya kujua ni rahisi: uliza bei ya simu ile ile Mtaa wa Aggrey kwa mtu unayemwamini aliyeko Dar, kisha uliza Mwanjelwa na Kabwe, au kama uko Iringa, Miyomboni. Ukiona pengo ni kubwa kuliko nauli ya kifurushi na faida ya haki, subiri wiki tatu uulize tena. Mzigo mpya ukiingia bei inajipanga yenyewe.

Jambo la pili ni simu imetoka nchi gani, na hapa watu wanaumia kila mwaka. iPhone za Marekani kuanzia iPhone 14 ya 2022 hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi, na iPhone Air ya 2025 haina tundu popote duniani. Kabla hujashawishika na bei, nenda ofisi ya mtandao wako mjini uulize kama wanakuhamishia laini yako kwenda eSIM papo hapo. Usikubali jibu la simu, nenda na kitambulisho cha NIDA uulize dirishani. iPhone za China bara huwa na kadi mbili za kawaida. Za Japani zinaweza kupiga kelele ya kamera hata ukizima sauti, na ukienda msibani utajuta. Redmi iliyotengenezwa kwa soko la China huja bila Play Store, duka la programu la Google, na muuzaji akikwambia "tutakuwekea" jua unanunua simu pamoja na kazi ya fundi.

Wa Tunduma nao wananiuliza habari za ng'ambo ya mpaka. Bei inaweza kuvutia, lakini dhamana haivuki mpaka pamoja nawe, na ukiirudisha simu mbovu unavuka tena.

Hatua ya 5: Kama unachotaka ni muziki, geuza hesabu

Hapa ndipo mpya na bora hutengana. Baba yangu mdogo yuko Tukuyu, anataka kitu kimoja: nyimbo za kwaya shambani kwenye migomba, bila bando. Kila mwaka ananiuliza kama wametoa kitu kipya, na kila mwaka jibu langu linakuwa gumu zaidi, kwa sababu vipya vinazidi kumtoroka.

Angalia ilivyokwenda. Sony walitoa Walkman ya kwanza Julai 1979, ya kaseti. Apple wakaleta iPod Oktoba 2001. iPod ya mwisho, iPod touch, ilisitishwa Mei 2022. Sony bado wanatoa Walkman za kidijitali, na kampuni za China kama FiiO hutoa mashine ndogo za kupigia muziki mara kwa mara, ila nyingi ni za watu wanaojali sauti kuliko bei na hazifiki kwenye meza za Mwanjelwa. Kuzisubiri ni kuagiza mwenyewe.

Kwenye simu, tundu la hedifoni linapotea. iPhone 7 ililiondoa 2016. Galaxy S10 ya 2019 ilikuwa ya mwisho kwenye familia ya S, na Galaxy S21 ya 2021 ikaondoa hata nafasi ya memori kadi. Sasa imeshuka hadi simu za watu wa kawaida: Galaxy A15 ilikuwa na tundu, A16 iliyoifuata haina. Kwa hiyo mpenda muziki aliyesikia A16 imetoka, dawa yake ilikuwa kukimbilia A15 kabla hazijaisha. Ndiyo kusubiri kwa kinyume.

Ukishasoma orodha ya vipimo vya toleo jipya, kwa muziki tafuta mambo haya tu: tundu la milimita 3.5, nafasi ya memori kadi isiyolazimisha kutoa laini ya pili, na redio ya FM. Kamera ya megapikseli 108 haiimbi.

Kwa mzee kama wangu, kitochi cha batani chenye nafasi ya kadi bado kinashinda. Mpelekee kadi kwa vijana wanaoingiza nyimbo pale stendi. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kilobiti 128 unakula karibu megabaiti moja kwa dakika, hivyo kadi ya GB 8 inabeba nyimbo kama 1,500 za dakika tano. Kabla ya kununua kadi kubwa soma karatasi ya kifaa: redio nyingi ndogo na vitochi husoma mwisho GB 32, na kadi lazima iumbizwe (ifanyiwe "format") kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao vifaa hivyo huuelewa. Nimeona watu wanarudisha kadi nzima wakidai ni feki, kumbe redio ndiyo haijui kuisoma. Na mwambie kijana akupangie kwa mafaili, kwaya peke yake, bongo fleva peke yake. Asipofanya hivyo, mzee atakutana na singeli katikati ya sala ya jioni.

Hatua ya 6: Siku ya kununua

Nenda asubuhi. Nina sababu: Juni na Julai baridi ya huku hufichua betri. Betri ya lithiamu ikipata baridi hupunguza nguvu, na iliyochoka huzima ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Mteja wa Njombe au Makete aliyejaribu simu Dar kwenye joto hataliona hilo mpaka afike nyumbani. Kwa iPhone iliyotumika angalia afya ya betri kwenye mipangilio. Chini ya asilimia 80 hesabu na gharama ya betri mpya.

Bonyeza *#06#, upate namba ya IMEI, uilinganishe na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090. Majibu yatakuambia ni simu ya kampuni gani na modeli gani. Kama yanasema kitu kingine na kile ulichoshika mkononi, rudisha. Waliokuwepo Juni 2016, TCRA walipozima simu bandia, wanakumbuka watu walivyoamka mtandao umekata.

Kwenye iPhone ingia General, kisha About. Namba ya modeli ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, F imekarabatiwa na Apple, N ilitolewa kufidia mbovu. Mwishoni LL ni Marekani, J ni Japani, CH ni China. Hapo hapo shuka utafute mstari wa kufungwa mtandao. Lazima useme haina kizuizi cha laini. Mwenye simu atoke kwenye akaunti yake mbele yako na uiwashe upya hadi mwanzo. Akisema "nenda tu, ukikwama nipigie", wewe mwachie simu yake uende kweli.

Weka laini yako, piga simu, washa data, cheza wimbo kwenye spika na kwenye hedifoni. Dai risiti ya EFD yenye IMEI imeandikwa juu yake, maana risiti iliyoandikwa "simu 1" haisaidii mtu.

Ukiwa umeshindwa kufika bei, usiondoke kwa hasira. Acha namba yako, uliza mzigo unaofuata unaingia lini, andika tarehe hiyo kwenye ile karatasi yenye kalenda mbili, kisha rudi kuuliza wiki moja baada yake. Sisi wauzaji tunamjua mteja wa namna hiyo, na ndiye tunayempa bei ya kweli kwanza.